Siku Fundi Alipopeleka Visu Uwanjani

Hapana, siviuzi. Na hakunioa.

Nawajibu mapema nipumzike, maana kila anayeingia humu ndani akishaviona hivyo visu vilivyochomekwa ukutani ananitazama mimi, anavitazama tena, halafu anaanza kuzunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Bibi, hivi visu vyote... ni vya biashara? Na yule Fundi... alikuwa nani yako?" Hakuwa nani yangu. Alikuwa Fundi. Kaeni. Chai ipo, ila mgongo wangu leo hauna adabu, mtajimiminia wenyewe.

Wala msiniulize alizaliwa wapi. Wapo waliosema alivuka na feri ya Kamanga akiwa na mvukuto wake kichwani, wapo waliosema babu zake walikuwa wanafua majembe ya machifu. Mimi nilimkuta ameinama, nikamwacha ameinama. Ninapopajua ni hapo katikati.

Banda lake lilikuwa chini ya yale mawe makubwa, ukishuka kwenye mwalo tunakopokelea samaki. Mabati manne na moto. Alikuwa anafulia juu ya kipande cha reli, sijui alikitoa wapi, na watu wa reli nao hawakuja kuuliza. Visu alivitoa kwenye springi za malori mabovu. Lori likifa huko njiani, yeye alikuwa anafurahi kama mtu aliyeletewa ng'ombe.

Kumsalimia ilikuwa kazi. Unafika: "Shikamoo Fundi." Kimya. Ta, ta, ta. Si kiburi. Alisema chuma kikiwa chekundu hakingojei mtu, na mdomo ukifunguka mkono nao unafunguka. Basi unasimama, miguu inauma, unaondoka. Umeshafika barabarani kwa wauza mkaa ndipo unasikia huko nyuma: "Marahabaaa!" Wageni walidhani ni mwendawazimu. Sisi wa mwaloni tulishazoea kubeba marahaba yetu tukiwa tumeshafika mbali.

Sasa, Fundi hakuwa anakuuzia kisu. Hapo ndipo watu walipokuwa wanakosana naye. Unafika na haja yako, anainuka polepole, anachota donge la udongo mbichi wa ziwa kwenye ndoo, anakupa. "Shika." Unashika. "Si hivyo, shika kama unakata." Unakaza. Anauchukua ule udongo wenye vidole vyako, anauweka juani, ukikauka anaupanga kwenye ubao mrefu ukutani. Halafu mpini wa kisu chako anauchonga akiufuata ule udongo, kwa mti wa mpera, taratibu, mpaka siku ukija kukichukua kinaingia mkononi kama mtoto anayemjua mama yake.

Ubao mzima ulijaa mikono ya watu. Na alikuwa anaisoma, yeye ambaye kama mimi hakujua a wala be. Anachukua donge moja: "Huyu anashika kisu kama anamkaba mtu. Asipewe kirefu." Anachukua lingine: "Huyu ana woga. Mpini uwe mnene, apate pa kujishikilia." Kulikuwa na mama mmoja Mjita, mpasua samaki mwenzangu, ana ulimi wake ule. Alikuja siku moja amefura: "Fundi, kisu changu kimerara! Hakikati!" Fundi akamtazama mkono, si kisu. "Kisu hakijalala, mama. Umenenepa." Alikuwa na mimba hata mumewe hajaambiwa. Tulicheka mpaka tukamwaga maji.

Watu wakifa, madonge yao hakuyatupa. Nilimwambia, "Fundi, hapa umefungua makaburi." Akasema, "Mkono hautupwi. Ukichoka utabomoka wenyewe." Ndivyo alivyokuwa anaongea. Nilikuwa namwambia maneno yako yana masizi, na yeye ananijibu, "Na yako yana magamba."

Mimi nilifikaje pale? Haya.

Mimi ni wa kushoto. Mmeshaona mlivyopokea vikombe, na mmeona nilivyojikaza kuwapa kwa kulia. Mama yangu alikuwa anaufunga huu mkono kwa kitambaa wakati wa kula. Mama mkwe naye, Mungu amlaze, alikuwa anaita majirani: "Njooni muone, njooni! Mke wa mwanangu anasonga ugali kwa kushoto, tutakula matusi!" Basi nikajifunza kuuficha. Salamu kulia, kupokea kulia, kutoa kulia. Lakini kupasua samaki kwa kulia sikuweza, na visu vya wenzangu vilikuwa vinanikimbia. Kisu cha kupasulia samaki kinanolewa upande mmoja tu, upande mwingine unabaki bapa ili kilale juu ya mfupa. Cha watu wote kinanolewa kwa mtu wa kulia. Ukikishika kwa kushoto kinapanda juu, kinakula nyama, kinakula na wewe. Ona hili dole gumba.

Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wanataka kula. Nikaenda kwa Fundi. Akanipa udongo, nikaupokea kwa kulia, nikashika kwa kulia. Akautazama. Akaukanda tena ukawa donge, akanirudishia.

"Sijakuomba heshima," akasema. "Nimekuomba mkono."

Nikautoa wa kushoto. Hakuna aliyewahi kuniomba.

Kisu alichonipa alikinoa upande wa pili, na kwenye mpini akachimba kidogo pa kukalisha hili dole bovu. Nilipasua samaki siku ile mpaka wenzangu wakasimama kutazama. Toka hapo kila nikihitaji cha kazi nyingine alinifanyia, na cha ajabu, donge langu sikuliona tena ubaoni. Nilimuuliza, "Wangu uko wapi?" "Umebomoka." "Na ukitaka kunitengenezea kingine?" "Wako siuhitaji." Nikamwambia, "Ehee, dharau hizo." Akaendelea kupiga chuma.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa tumbaku, na akinuna ananuna kuanzia Jumatatu. Halafu mtu huyu wa visu alikuwa anaogopa damu! Kuku wake alikuwa anamleta kwangu kwa kamba kama mshitakiwa, ananikabidhi, anageuka anatazama ziwa mpaka nimwambie tayari. Nikamwambia, "Wewe unatengeneza visu vya nini, vya kupaka siagi?" Anasema, "Mimi nafua. Mnachofanya navyo ni juu yenu."

Na siku nyingine niliingia kwake kumpelekea uji, alikuwa anaumwa, nikainua godoro nikunje shuka. Chini yake nikakuta kisu cha dukani, cha mpini wa plastiki ya kijani! Nilicheka nikakaa chini. "Fundi! Una mwanamke mwingine!" Akavuta shuka mpaka kichwani. Humo ndani akasema, "Nakichunguza."

"Na umeona nini?"

Akatoa pua nje ya shuka. "Chepesi," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, maana ilikuwa ile miaka ya soko huria. Mitumba ikaja, redio zikaja, na visu vikaja kwa makatoni. Vijana wa kimachinga walikuwa wanavimwaga chini kwenye turubai huku wanaimba: "Chukua mama, chukua! Kikikatika njoo uchukue kingine!" Fundi alisimama kuwasikiliza siku moja pale Nyamagana, tumetoka kununua misumari. Akaniuliza, "Amesema kikikatika?" Nikamwambia ndiyo. "Anakitangaza kwa kukatika?" Nikamwambia Fundi, twende.

Lakini machinga hawakummaliza wao. Waliommaliza ni sangara. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa, samaki mzima akawa hafiki tena kwetu. Anashuka mtumbwini anaingia kwenye barafu, anaingia kwenye gari, kwaheri. Kinachorudi kwetu ni mapanki, kichwa na mifupa, nyama wameshachuna. Panki halihitaji kisu cha Fundi. Panki unalivunja kwa panga, unalikaanga, unauza, unanuka. Basi wenzangu mmoja mmoja wakaacha kwenda bandani. Visu walivyokuwa navyo vilikuwa vinatosha mpaka kufa kwao. Alivifua vizuri mno, masikini, akajifungia mlango mwenyewe.

Alikuwa anawasha moto asubuhi, anakaa juu ya reli, anautazama. Mwanawe alikuwa anakuja na pikapu kutoka Buswelu, alikuwa amejenga huko, mtu mwenye haraka, funguo zinamlia kiunoni. "Baba, shikamoo, umekula? Baba, zima huu moto. Chumba kipo, kitanda kipo, wajukuu wapo. Unafua unamfulia nani? Nitajie mtu mmoja!" Ni mtoto mzuri, sisemi. Lakini alikuwa anaongea na baba yake kama anapandisha mizigo.

Ndipo akaja yule bwana wa maonyesho.

Yule alikuwa na kalamu mbili mfukoni na Kiswahili cha semina. Nisikilizeni: "Mzee wangu, kwa niaba ya kamati, tunakukaribisha ushiriki katika maonyesho ya kazi za mikono. Watakuja wageni, watakuja wa mahoteli, watakuja mpaka wazungu! Meza tutakupa. Kitambaa cha meza tutakupa." Fundi akamuuliza, "Hao wageni watakuja lini kushika udongo?" Bwana akacheka. "Hapana mzee! Soko huria halina mambo ya udongo. Unatengeneza visu vyako kabisa, vinavyofanana, kama vya dukani. Mteja anakuja, anachagua, anaondoka."

"Nifuate mkono wa nani?"

"Wa mteja."

"Mteja nani?"

"Mzee, mteja ni mteja!"

Akaondoka akiruka madimbwi. Fundi akarudi juu ya reli. Mwanawe alipokuja akamwambia, mimi nipo nasikia: "Nitapeleka visu. Watu wakivitaka, nabaki na moto wangu. Wakivikataa, nazima, nakuja Buswelu, na hutanisikia tena." Mwanawe akasema, "Neno lako hilo, baba?" Akasema ndilo.

Sasa mtu ambaye maisha yake yote amefuata mkono, mwambie afue kisu kisicho na mtu! Siku na siku alikuwa anasimama mbele ya ule ubao. Anachukua donge, anarudisha. La mvuvi, kubwa mno. La Mjita, nene mno. La marehemu, hapana, akasema si vizuri. Nilimtania, "Chukua la kasisi, si ameshika watu wote." Hakucheka. Alikuwa ameishiwa nguvu, macho mekundu, kifua kinapiga filimbi. Kisha asubuhi moja nateremka mwaloni nasikia ta, ta, ta, kwa kasi kama zamani. Nikaingia. "Umepata mkono?"

"Nimeupata."

"Wa nani?"

Chuma kilikuwa chekundu. Hakujibu.

Akafua. Akafua mpaka nikamwonea huruma, mtu mzee, anapumzika kati ya pigo na pigo. Nilikuwa namletea uji anakunywa amesimama. Mipini ya mpera akaichonga yote bila kuinua macho ubaoni hata mara moja, na nikasema moyoni, huyu sasa amekuwa kiwanda. Mchana wa kuamkia maonyesho nikaenda kumsaidia kuvipaka mafuta na kuvifunga kwenye magunia. Nikashika cha kwanza. Kimekaa. Nikashika cha pili, kimekaa. Nikashika mpaka cha mwisho, vyote vilikuwa vinaingia mkononi kana kwamba vilikuwepo. Nikamwambia, "Fundi, safari hii umeweza. Havina kasoro hata kimoja."

Akanitazama. "Umeona?"

"Nimeona."

Sikuona kitu. Kiatu kikikutosha unauliza kilishonewa nani? Hushoni maswali, unavaa unaenda.

Nilishawahi kwenda kumwona Buswelu baadaye. Nawaambia hili kwanza, maana nikimaliza ya uwanjani sitakuwa na la kusema. Nilikwenda na samaki wangu mkavu. Nyumba nzuri, sakafu inang'aa, ile reli yake imewekwa mlangoni watu wanafutia tope. Amekaa kwenye kiti cha mito, mikono juu ya magoti. Nikasimama mlangoni, "Shikamoo Fundi."

"Marahaba."

Papo hapo. Hata sijafunga mdomo. Nikajua basi, mtu amekwisha.

Haya, uwanjani.

Walitupa meza kati ya wasuka vikapu na kijana mmoja anayechonga twiga. Twiga Mwanza! Fundi alikuwa amevaa koti la harusi ya mtu. Nilivipanga visu juu ya kitambaa, vikang'aa, nikaweka nyanya pembeni za kujaribia. Watu wakaja. Kwanza mama lishe, mpana, ameshika kiuno: "Hebu, hebu, nione hicho." Akashika, akakata nyanya. Kisu kikateleza pembeni. Akajaribu tena. "Baba, kisu chako kinakimbia." Akakiweka. Akaja mpishi wa hoteli, amevaa nyeupe. Akageuza, akakunja uso. "Makali yapo, mzee. Lakini hakishikiki." Akakiweka.

Fundi akanitazama. Nikasema, "Aa, hawajui hawa. Tazameni." Nikachukua kisu kile kile, nikakata nyanya nyembamba mpaka ukiinua unamwona mtu upande wa pili. Watu wakapiga makofi! Mzungu mmoja akasema, "Mzuri! Mzuri sana!" akakichukua, akajaribu, nyanya ikaruka ikampata kifuani. Mpishi akacheka, "Mama huyu ana dawa, jamani, msinunue!" Mwingine nyuma huko: "Mnashangaa nini, si mnaona anatumia mkono wa chooni?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, nimezoea. Nikaendelea kukata. Mchana wote nilikata nyanya, wanapiga makofi, wanashika, wanaweka. Yule bwana wa kamati alipita mara moja, akaandika kitu, hakurudi. Fundi akakaa chini juu ya gunia. Sijawahi kuona mtu amechoka vile, uchovu wa kuanzia kwenye kucha. Aliviangalia visu vyake kama mtu anayesahau majina ya watoto wake.

"Nimekosea wapi?" akaniuliza.

"Hujakosea," nikamwambia. "Mimi vyote vinanikaa."

Jua lilipoanza kuinama, mwanawe akaja na pikapu kutuchukua. Akaona meza imejaa. Siku ile alikuwa mpole. Akachukua kisu kimoja mkono wa kulia, akakipima, akakunja uso kama wenzake. Akachukua cha pili. Akasimama. Akakihamishia mkono wa kushoto. Akapitisha kidole mahali palipochimbwa pa kukalia dole gumba. Akachukua kingine, kushoto. Kingine, kushoto. Kisha akanitazama mimi, nimesimama na nusu ya nyanya na kisu mkononi, akautazama mkono wangu, muda mrefu, na baba yake pale chini juu ya gunia akageuza uso kutazama upande wa ziwa, kama siku za kuku.

Funguo hazikulia. Mtoto akaviweka visu chini taratibu.

"Baba," akasema, "hivi vyote vina mwenyewe. Mpe, twende nyumbani."